Nauli ya Mwandishi Ilipwe na Nani?

Barua ya wazi kwa wahariri wa vyombo vya habari vya Kiswahili, Bodi ya Utalii Tanzania, na wote wanaosimamia hifadhi zetu

YAH: ANAYEGHARAMIA HABARI ZA SAFARI NA MILIMA

Ndugu wahariri, na ninyi waheshimiwa wa utalii na hifadhi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Naandika habari za kupanda milima, kuvuka misitu kwa miguu, kusafiri ziwani, na za watu wanaoishi kwa kazi hizo. Sina mwajiri. Stori nikiipata naitafutia gazeti, redio au jarida. Ikikosa pa kwenda inabaki kwenye kompyuta, na gharama zake zinabaki mfukoni kwangu. Naishi Moshi, mji ambao msimu ukianza, kila alfajiri magari ya kampuni za utalii yanapita yamebeba mahema juu na vijana wamebanana ndani.

Nina hoja moja, na nitaisema mapema ili asiye na muda aishie hapa. Habari nyingi za safari zinazotoka kwa Kiswahili hamzilipii ninyi mnaozichapa. Zinalipiwa na wanaoandikwa. Kampuni inamchukua mwandishi, inampandisha mlima, inamlisha, inamrudisha, naye anaandika. Gazeti linapata ukurasa wa bure, kampuni inapata tangazo isilolilipia, na msomaji anadhani amesoma habari.

Sisemi haya kuwachafua wenzangu. Wengi ninaowajua ni waandishi hodari, na bahasha si tabia yao. Hesabu tu inakataa.

Chukueni Kilimanjaro. Mgeni asiye mkazi, kwa viwango vya miaka hii ya karibuni, analipa dola 70 kwa kila siku ya hifadhi na dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na VAT juu yake. Sisi kiingilio chetu ni cha shilingi na hakimtoi mtu jasho. Lakini kanuni za mlima hazimruhusu mtu kujiendea peke yake na begi lake, na ni kanuni nzuri. Lazima awepo mwongozaji mwenye leseni. Mwongozaji lazima ale, kwa hiyo kuna mpishi. Mpishi ana majiko, gesi, sufuria na chakula cha siku sita, kwa hiyo kuna wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, na wagumu nao wanakula. Mpandaji mmoja kuwa na kundi la watu wanne au watano nyuma yake ni jambo la kawaida. Jumlisha ujira wao, chakula, gari la kufika geti la Machame au Londorosi, koti la baridi na begi la kulalia la kukodi pale mjini. Unapata pesa ambayo sijaona dawati la makala linalomlipa mwandishi wa nje kwa stori moja. Hata nusu yake. Hata robo.

Malipo yetu ni ya stori iliyotoka. Isipotoka, hakuna kitu. Ikitoka nusu ukurasa kwa sababu tangazo limeingia jioni, inalipwa nusu ukurasa, ingawa mlima haukupandwa nusu. Pesa yenyewe inakuja baada ya miezi, imekatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, na hilo silalamikii. Kodi ni kodi. Nauli, malazi, bando la intaneti, betri za kamera zinazokufa kwa baridi kule kambi ya Barafu, hayo ni yako. Mhariri wa gazeti moja ambalo sitalitaja aliwahi kuniambia, tena kwa upole kabisa, "Lakini wewe si unaenda kutembea?"

Ndiyo maana simu ya kampuni ikiita inapokelewa kwa mlio wa kwanza. "Kaka, tuna kundi linapanda Jumatatu, nafasi ipo, kila kitu juu yetu. Utuandikie kitu kizuri." Hakuna mkataba wala sharti lililoandikwa. Wote wawili mnalijua.

Niwape mfano wa jambo ambalo mwandishi aliyealikwa hawezi kuliandika: idadi ya siku. Njia ya Marangu inauzwa hadi kwa siku tano kwenda na kurudi, na kwa kuwa siku ni pesa, hiyo ndiyo inayomvutia Mtanzania anayelipa kutoka mfukoni, hasa kwenye zile safari za Desemba za kusherehekea Uhuru kileleni. Tazameni ratiba yenyewe. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720. Ni mita elfu moja juu kila usiku. Madaktari wa milima wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Na hapo Kibo penyewe hulali sana: usiku wa manane unaamshwa, unafunga tochi kichwani, unaanza kupandisha kokoto kuelekea mita 5,895, ambako kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoivuta ukiwa Kariakoo.

Wengi wanafika, wanapiga picha, wanashuka salama. Lakini yupo anayeumwa kichwa tangu Horombo na anaona aibu kusema kwa sababu wenzake wa ofisini wanaendelea. Akianza kuyumba kama mlevi, akichanganya maneno, au akikohoa na kutoa povu, dawa ya kwanza ni kumshusha. Sasa hivi, si kukikucha. Ndipo inapoletwa ile machela ya tairi moja, vijana wanaishika pande zote na kukimbia nayo gizani juu ya mawe. Siku moja ya ziada Horombo, ya kupandisha kidogo na kurudi kulala pale pale, ingeweza kumwepusha na yote hayo.

Msomaji anayechangishana na wenzake kazini kwenda Desemba anahitaji aya hiyo kuliko picha kumi za machweo. Sasa mwandishi aliyepandishwa bure na kampuni inayouza siku tano ataiandikaje? Ataandika kwamba kulikuwa na changamoto ndogondogo za hali ya hewa, kisha atamsifu mpishi. Mpishi anastahili sifa, sikatai. Supu ya mpishi wa Kilimanjaro inayoivishwa kwenye upepo wa mita 4,600 ni kazi ya fundi.

La pili ni wagumu wenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Mzigo wa safari anaobeba mgumu unapimwa getini, na kikomo ni kilo 20. Mizani ile ni jambo jema na aliyeiweka apewe haki yake. Lakini mizani iko getini, na mlima ni mrefu. Anayetaka kujua mzigo unakuwaje baada ya kona ya pili, nani analala kwenye hema la kulia chakula wageni wakishaondoka mezani, mgumu anakula mara ngapi kwa siku, na ujira unatoka siku ya kushuka au anaambiwa apite wiki ijayo, huyo lazima atembee na wagumu wenyewe. Aondoke nao wakishakunja kambi, awapite wageni nao njiani, afike nao kambi inayofuata kabla ya mwenye kulipa hajafika. Ukiwa mwalikwa wa kampuni huwezi kufanya hivyo, kwa sababu wewe mwenyewe ni sehemu ya mzigo wao. Begi lako liko kichwani kwa kijana mmoja pale mbele, na tipu unayoikadiria ukiwa kwenye basi la kurudi ndiyo anayoisubiri. (Wapo waandishi walioalikwa wasiotoa tipu. Wanajijua, na vijana wa Mweka wanawajua pia.)

Kuna mradi pale Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaofuatilia mambo haya tangu 2003. Unawaazima wagumu nguo za baridi bila malipo na unaangalia kampuni zipi zinawatendea haki. Mjerumani au Mkanada anaweza kuyasoma hayo kwa Kiingereza jioni moja kabla hajachagua kampuni. Mama wa Kibosho ambaye mwanawe amekwenda kusimama getini kutafuta kazi, na viatu vya mpira na koti la mtumba, hana pa kuyasoma kwa lugha anayoijua vizuri. Na wanaosoma Kiswahili ndio hao hasa: mgumu, mkewe, dereva, askari wa hifadhi, diwani, mwenye kampuni na majirani wa mwenye kampuni. Habari ya mgumu anayelala na njaa ikitoka kwa Kiingereza inamfikia mteja aliye mbali. Ikitoka kwa Kiswahili inasomwa kwenye kijiwe ambacho mwajiri wake anakunywa kahawa. Niambieni ipi itamfanya alipe haraka.

Ndugu wahariri, mnakumbuka moto wa Oktoba 2020. Ulianza tarehe 11, eneo la Whona, kwenye njia hiyo hiyo ya Marangu, ukala misitu midogo na vichaka vya huko juu hadi takriban kilomita za mraba 95. Wananchi wa vijijini na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka walipanda kwenda kuuzima kwa matawi, majembe na mapanga. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ukazuka karibu na kambi ya Karanga. Nyakati kama hizo ndipo simu zetu zinapoita kutoka vyumba vya habari. Mnataka nini? Picha. "Tuma haraka, tutaweka jina lako." Jina halinunui unga. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inampa mpiga picha haki juu ya kazi yake kama inavyompa mtunzi wa wimbo, lakini nani kati yetu atakwenda mahakamani na chombo anachotaka kimchapie stori ya wiki ijayo?

Na kilichokosekana wakati ule hakikuwa picha. Alihitajika mtu wa kueleza kwa nini moto ule ulikuwa mgumu kuuzima: kwamba vichaka vya mwinuko ule hushika haraka vikikauka, kwamba upepo wa huko hubadilika mchana na usiku, kwamba maji na barabara viko mbali chini, kwamba mtu asiyezoea akipelekwa mbio mita 3,000 na zaidi ataumwa kabla hajashika tawi. Maarifa hayo wanayo waandishi wanaoujua mlima kwa miguu. Hamkuwa mmewalipia kuujua, kwa hiyo siku ya moto hamkuwa nao.

Sasa tuhame Kaskazini, maana hili nalo ni tunda la mti ule ule. Kampuni zenye uwezo wa kualika ziko Arusha na Moshi. Matokeo yake, msomaji wa Kiswahili ameshaelezwa juu ya Ngorongoro na Serengeti hadi amechoka, na Kusini na Magharibi anapasikia kwa mbali. Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Mahale hakuna barabara ndani ya hifadhi. Unaingia kwa boti kupitia Ziwa Tanganyika, kisha unawatafuta sokwe kwa miguu kwenye milima, na watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe hao tangu miaka ya 1960. Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Sehemu ya sababu ya kuifanya hifadhi ya taifa mwaka 2005 ilikuwa biashara ya viazi vya okidi vinavyochimbwa na kuvushwa hadi Zambia, ambako hupikwa kitoweo kiitwacho chikanda. Hapo kuna stori ya chakula, ya mpaka, ya maua na ya ajira. Inahitaji mtu akae huko siku kadhaa, ale na wachimbaji na askari wa hifadhi kwa zamu. Nani atamwalika? Hakuna hoteli kubwa yenye haja hiyo.

Na habari za safari hazikomei kwenye mandhari. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za kukuza utalii Kusini, kupitia mradi wa REGROW, ukigusa Ruaha, Mikumi, Udzungwa na lile pori ambalo leo ni Hifadhi ya Nyerere. Aprili 2024 benki hiyo ilisimamisha kutoa fedha, kufuatia malalamiko ya wanavijiji wa pembezoni mwa Ruaha, na baadaye mwaka huo mradi ukafungwa. Mwandishi wa safari aliyekuwa akipita vijiji vile kwa miguu angeanza kusikia mambo mapema, kwa sababu sisi tunalala kwa wenyeji na tunakunywa nao togwa. Lakini aliyefikishwa Ruaha kwa ndege ndogo ya mwenye kambi, akashushwa uwanjani na kuvukishwa moja kwa moja hadi kwenye hema lenye bafu, huyo amekutana na tembo tu.

Waheshimiwa wa Bodi ya Utalii, kwenu nina neno la udugu. Mwaka 2021 Rais alipokuwa mwongozaji wa watalii mbele ya kamera kwenye filamu ya Royal Tour, aliyetembea naye alikuwa Peter Greenberg, mwandishi wa safari wa Kimarekani. Sina kinyongo na filamu ile. Ilithibitisha jambo ambalo sisi tumekuwa tukilisema vikaoni na kuchekwa: kwamba kuna kazi inayoitwa uandishi wa safari, na kwamba ina thamani ya kutosha kwa mkuu wa nchi kuipa siku zake kadhaa. Basi thamani hiyo iwe pia kwa anayeandikia msomaji wa Singida. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga, watalii wa nje walishuka kutoka milioni 1.5 za mwaka uliotangulia hadi kama laki sita na ishirini elfu. Ghafla kila mtu akawa anahimiza utalii wa ndani. Mtalii wa ndani anasoma nini kabla hajaamua? Bango lenye simba na namba ya simu. Hakuna aliyemweleza atafikaje Kalambo kutoka Sumbawanga, atalala wapi, na mvua zikinyesha njia inakuwaje.

Mtaniuliza, na mko sahihi kuuliza: kama kampuni ikilipa inaharibu habari, Bodi ya Utalii ikilipa haitaiharibu? Itaiharibu vile vile. Pengine zaidi, maana kampuni ziko nyingi na Bodi ni moja. Kwa hiyo siombi mtulipie. Naomba vitu viwili. Kwanza, fedha za kuwawezesha waandishi wa safari, kama zipo au zikipatikana, ziende kwenye mfuko unaosimamiwa na wanataaluma, wenye maombi ya wazi na majopo yasiyotoka wizarani. Nchi hii inajua namna ya kufanya hivyo: Mfuko wa Vyombo vya Habari ulioanza mwaka 2008 ulitoa ruzuku kwa mwandishi mmojammoja kwenda kuchimba habari vijijini, na vyumba vya habari vilizichapa bila mfadhili kugusa sentensi. Pili, wasimamizi wa hifadhi mkae na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari muandike utaratibu mmoja wa kibali cha kazi kwa mwandishi wa kujitegemea, ambao hautamtaka apitie kampuni ya utalii ndipo aingie. Tayari ithibati ipo kisheria tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Aliyethibitishwa awe amethibitishwa. Katika ofisi kadhaa ambazo sitazitaja, za umma na za binafsi, swali la kwanza ni "unatoka chombo gani?" na ukisema unajitegemea, kalamu inarudishwa mezani. Mwongozaji na taratibu za usalama zibaki pale pale. Sitaki kupanda mlima peke yangu, nataka nichague mwenyewe ninayepanda naye na nimlipe mwenyewe.

Juu ya usalama, wahariri, nisikilizeni. Mwandishi mwajiriwa akivunjika mguu kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu mwajiri wake anachangia. Mimi sina mwajiri wa kuchangia. Bima nyingi za safari, ukisoma yale maandishi madogo, zinaishia mwinuko fulani ambao kwetu ni kambi ya pili. Mkiniagiza kwenda Kibo au kwenye kreta ya Ol Doinyo Lengai, mlima unaopandwa usiku kwa sababu ya jua na mteremko wake, kisha nikateleza, ninyi hamnijui. Kipo kitu rahisi: barua ya kazi ya ukurasa mmoja. Iseme nani kaagiza stori, malipo ni kiasi gani, gharama zipi zinarudishwa, isipochapwa nalipwa nini, na bima ya safari hiyo ni ya nani. Sitaingia kwenye hatari za namna nyingine zinazowakuta waandishi wasio na chombo nyuma yao. Azory Gwanda, aliyepotea Kibiti Novemba 2017 na hajaonekana hadi leo, alikuwa wa kujitegemea. Hilo lina barua yake.

Najua mtakachosema juu ya pesa. Matangazo yamehamia kwenye simu, nakala hazinunuliwi, hata waajiriwa wanadaiwa kodi za nyumba. Naamini, nimekaa kwenye hizo ofisi nikisubiri malipo, nimeona. Basi anzeni na lile lisilogharimu hata senti: mstari mmoja chini ya kila makala ya safari unaosema nani kagharamia. "Mwandishi alialikwa na kampuni fulani, iliyolipa gharama zote." Msomaji ni mtu mzima, atapima. Kampuni yenye safari nzuri haina cha kuogopa kwenye mstari huo, na ile isiyotaka utajwe tumeshaijua.

Jambo hilo wala si geni katika Kiswahili. Selim bin Abakari alipoandika safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1901, hakuficha kwamba alikuwa njiani na bwana wake Mjerumani. Unamsoma ukijua nauli ilitoka kwa nani, na hilo halikumzuia kutazama mambo kwa macho yake mwenyewe. Zaidi ya miaka 120 baadaye tunafungua gazeti, tunasoma sifa za kambi ya kifahari, na hatujui aliyeandika alilipa au alilipiwa.

Mkitaka kuanza na mkubwa zaidi, kila chombo kichague stori moja ya safari kwa robo mwaka na kuilipia chenyewe, kuanzia nauli ya basi. Moja tu. Msiilipie Serengeti, ile ina wenyewe.

Mimi nina wazo mkononi. Kalambo na Kitulo kwa safari moja, wakati wa kiangazi: basi hadi Mbeya, kisha Sumbawanga, boda hadi maporomoko, kurudi kupitia Makete nikakae na wanaochimba na wanaolinda okidi. Nitaleta maneno, picha, na maelezo ya nauli, malazi na njia kwa msomaji anayetaka kwenda mwenyewe. Bajeti nimeiandika kwa shilingi, haina hoteli ndani yake, na kila matumizi yatakuwa na risiti. Mhariri wa kwanza atakayeniletea barua ya kazi yenye sahihi, stori ni yake. Wiki mbili kuanzia leo kukiwa kimya, nitaipeleka kwa lugha nyingine, kwa watu wanaolipa, nanyi mtaitafsiri kama kawaida.

Wenu katika kazi,

Mwandishi wa kujitegemea,
Moshi